Jina Ukingoni mwa Nishani

Nishani ya fedha ya Waingereza ya 1914–20 ina sura ya mfalme upande mmoja. Upande wa pili, mpanda farasi aliye uchi anakanyaga ngao yenye tai. Chenye thamani zaidi kimo ukingoni: namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Nyota ya Burma, waliyopewa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la wakoloni) baada ya kupigana bonde la Kabaw 1944, ni ya shaba, ina pembe sita, na nyuma haina jina la mtu. Hivyo askari aliyetumikia vita vyote viwili vya dunia aliacha kipande chenye jina na kingine bubu. Anayetafuta historia ya vita katika masanduku ya familia za Kebirigo, nchi ya Abagusii magharibi mwa Kenya, azingatie hilo, kwa kuwa nishani inaonyesha kwanza nani aliandikwa daftarini. Ushujaa na mateso havionekani humo.

Abagusii wengi waliochukuliwa vita vya kwanza hawakwenda kama askari. Waliwajua Keya kama adui: 1905, tena 1908 baada ya shujaa wa Abagusii Otenyo kumchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, askari hao walikuja kuchoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigania mji wa Kisii. Ulipobaki bila mwenyewe, wananchi waliupora, wakaadhibiwa upya. Kisha, 1917, John Ainsworth akaendesha msako mkubwa wa wapagazi, wale wa Kariakoo (Carrier Corps). Atakayesema hawakuchangia vita kwa kuwa hawakubeba bunduki asahihishwe. Katika vita dhidi ya kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck, mbung'o waliua farasi na nyumbu, na risasi na unga vilifika mstari wa mbele kichwani mwa mtu. Wapagazi walikufa kwa kuhara, njaa na homa kwa maelfu, kupita askari waliouawa kwa risasi.

Wapo watakaouliza kwa nini tujali nishani za mkoloni. Swali ni la haki, na mimi simtukuzi mfalme yule. Lakini kuzitupa hakuwarudishi wasioandikwa. Ripoti ya 2021 ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mpagazi ana sanamu Nairobi tangu 1928, bila jina. Majina yenyewe yamebaki Kebirigo, kwa wajukuu waliorithishwa majina ya marehemu kwa desturi ya Abagusii. Daftari lianzie hapo, wazee wakiwa bado wanaweza kusema ni nani aliyeondoka 1917 na nani hakurudi.