Daraja la meno la kauri: Uimara na namna linavyopaswa kukaa

WAKAZI wa Kitengela na Kajiado wana sababu mbili mahususi za kuyafahamu madaraja ya meno. Kwanza ni desturi ya Wamaasai ya kung'oa meno mawili ya mbele ya chini, ambayo imewaachia watu wazima wengi pengo. Pili ni maji ya baadhi ya visima vya kaunti hiyo, ambayo yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO).

Daraja ni jino bandia, moja au zaidi, lililoshikamanishwa na kofia zinazovishwa meno ya jirani, yaani nguzo.

Kauri hazilingani kwa nguvu. Kauri ya kawaida huhimili takriban megapaskali 100 au pungufu kabla ya kuvunjika. Ndiyo maana kwa miaka mingi imepakwa juu ya chuma. Disiliketi ya lithi hufikia takriban 400, nayo hufaa pengo la jino moja sehemu ya mbele. Zirkonia hufikia kati ya 900 na 1,200. Kwa hiyo, anayeziba pengo la meno mawili kwa kauri tupu hushauriwa zirkonia.

Hata hivyo, daraja huvunjikia zaidi kwenye viungo vyake. Pengo likirefuka maradufu, daraja hupinda mara nane zaidi. Kiungo chembamba kinachotengenezwa kwa ajili ya urembo ni hatari.

Ukaaji nao una uzito uo huo. Mwanya kati ya ukingo wa kofia na jino haupaswi kuzidi takriban milimita 0.12. Ukizidi, mate huimomonyoa saruji, bakteria hujipenyeza, na nguzo huoza chini ya kauri ambayo ingali nzima.

Hapa ndipo floraidi inapoleta utata. Gamba la jino lililoathirika vibaya huwa na vitundu na hubanduka, hivyo gundi hailishiki barabara. Nguzo za namna hiyo zichunguzwe kabla ya kuchongwa, kwani jino likishachongwa halirudi.

Mgonjwa aulize aina ya kauri, athibitishe kuwa daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya (KMPDC), na asafishe chini ya daraja kila siku.