Kumbukumbu Ndiyo Heshima: Viongozi wa Kike wa Wanafunzi, Kutoka Makerere hadi Arua na Koboko

Utangulizi

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, katika shule na vyuo vya Arua na Koboko, hufika siku ya kuwaaga viongozi wa wanafunzi wanaomaliza muda wao. Hotuba hutolewa, nyimbo huimbwa, soda hunywewa, na viongozi huitwa mmoja mmoja kupokea vyeti. Miaka michache iliyopita, sisi walimu wa Kiswahili tuliombwa kutunga maneno ya cheti cha mwanafunzi mmoja wa kike, mzaliwa wa Koboko, aliyekuwa kiongozi wa bweni la wasichana. Tuliandika: "Kwa mchango wake mzuri katika uongozi." Baada ya sherehe mama yake alitujia, cheti mkononi.

"Walimu wangu, mimi sikusoma. Nisomeeni, wameandika mtoto alifanya nini?"

"Mama, wameandika kwamba alikuwa na mchango mzuri."

"Mchango gani, mwalimu?"

Hatukuwa na jibu. Baadaye wenzake walitueleza: muhula ambao maji yalikatika bwenini, yeye ndiye aliyepanga zamu za kwenda kwenye kisima cha pampu, akahakikisha wagonjwa wanachotewa kwanza, na ndiye aliyewazuia wenzake waliotaka kuvunja madirisha ili wasikilizwe. Yote hayo hayakuandikwa popote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali la mama yule ni swali la kihistoria, na kwamba sisi wa idara za Kiswahili tuna deni ndani yake.

Vyama vya dada na daftari la majina

Katika vyuo vikuu vya Marekani kuna vyama vya wanafunzi wa kike vinavyojulikana kwa herufi za Kigiriki. Wanachama huitana dada, na kila chuo huwa na tawi lake. Kwa wanawake Weusi wa Marekani, chama cha kwanza cha aina hiyo kilikuwa Alpha Kappa Alpha, kilichoanzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Mwaka 1913, hapo hapo Howard, wanafunzi 22 walianzisha Delta Sigma Theta. Mnamo Machi mwaka huo huo wanachama wake walitoka katika maandamano ya kudai haki ya wanawake ya kupiga kura, wakati ambapo hata baadhi ya waandamanaji wenzao hawakutaka kutembea pamoja na wanawake Weusi.

Vyama hivyo vina lawama zake, zikiwemo za kuchagua nani aingie na nani abaki nje, na hatuandiki ili viigwe. Jambo moja tu ndilo linalotuhusu. Vyama hivyo hutoa tuzo kwa viongozi bora wa matawi, lakini tuzo hizo zina uzito kwa sababu zimeegemea kumbukumbu. Mwanachama mpya hufundishwa majina ya waasisi na waliyoyatenda, na majina hayo hutajwa mwaka baada ya mwaka. Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia Januari 2021 hadi Januari 2025, alijiunga na Alpha Kappa Alpha alipokuwa mwanafunzi wa Howard miaka ya 1980. Alipopanda jukwaani, dada zake wa chama walijua yeye ni wa ngapi katika safu ndefu. Mtu aliyepewa cheti bila safu hiyo amepewa karatasi.

Lelemama: mfano wa kwetu

Msomaji asidhani kwamba udugu wa namna hii ni mgeni kwa Waswahili. Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wanawake walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama. Vyama hivyo vilishindana kwa mavazi, nyimbo na karamu, na ndani yake mlikuwa na vyeo. Mwanamke alipanda cheo kwa kuwalisha wenzake na kuwasimamia, na heshima yake ilitangazwa hadharani kwa nyimbo. Dar es Salaam nako, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kabla ya kuongoza sehemu ya wanawake ya TANU kuanzia mwaka 1955. Alipotafuta wanachama, alipitia vikundi hivyo hivyo vya ngoma, kwa sababu huko wanawake walikwisha kujifunza kuchagua viongozi, kukusanya fedha na kutunza siri.

Ya Mombasa tunayajua kwa undani kwa kuwa yaliandikwa. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwasikiliza Bi Kaje, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy wakisimulia maisha yao. Masimulizi hayo yalitolewa kitabu kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili chenyewe, lugha waliyoyasimulia. Hakuna hata mmoja kati ya wanawake hao aliyesoma chuo kikuu, lakini leo mwanafunzi wa chuo kikuu huweza kuwanukuu.

Makerere: wanawake sita na wito uliobadilishwa

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi ya wavulana. Wito wake wa awali, ukiutafsiri, ulikuwa "Tuwe wanaume". Mwaka 1945 walipokelewa wanafunzi wa kike sita, na wito ukabadilishwa ukawa "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo". Tunaomba msomaji atue kidogo hapa. Wasichana sita waliingia chuoni, na chuo kizima kikalazimika kubadili maneno yake. Ni nadra uongozi kuonekana wazi hivyo hata kabla ya uchaguzi wowote kufanyika. Hata hivyo, kila tunapowauliza wanafunzi wetu majina ya wanawake hao, darasa hunyamaza.

Miongoni mwa wasichana waliosoma Makerere miaka hiyo ya 1940 alikuwemo Sarah Nyendwoha, mzaliwa wa Hoima, ambaye baadaye alijulikana kama Sarah Ntiro. Alikwenda Oxford akasoma historia, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu, mwaka 1954. Aliporudi kufundisha na kuona kuwa mwalimu mwanamke analipwa pungufu ya mwanamume mwenye elimu sawa, alikataa mshahara huo na kusema heri afanye kazi bure. Serikali ya kikoloni ililazimika kulishughulikia suala lake. Alifariki mwaka 2018. Yeye anakumbukwa kwa sababu lilikuwepo tendo la kusimulia na walikuwepo wa kulisimulia.

Bweni la wanawake la Makerere lilipewa jina la Mary Stuart, mke wa askofu Mwingereza aliyetetea elimu ya wasichana. Wanafunzi wenyewe waliliita "Box", na urafiki wao na bweni la wanaume la Lumumba ukazaa jina "Lumbox", kama vile mabweni ya Africa na Livingstone yalivyozaa "Afrostone". Ndani ya mabweni hayo ndimo ulimokulia uongozi wa wanafunzi wa kike: mwenyekiti wa bweni, mawaziri wake, wajumbe wa baraza la wanafunzi. Mwaka 1990 chuo kilianza kuwaongezea waombaji wa kike alama 1.5, na idadi ya wanawake ikapanda kwa kasi katika miaka iliyofuata. Kadiri walivyoongezeka ndivyo walivyovuka mipaka ya bweni. Anna Ebaju Adeke aliongoza serikali nzima ya wanafunzi wa Makerere, na mwaka 2016 akaingia Bungeni kuwakilisha vijana wa kike.

West Nile: safu iliyokatika

Safari ya kutoka Makerere hadi Arua si ya barabara tu. Chuo Kikuu cha Muni, chuo kikuu cha umma cha kwanza West Nile, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2013, yaani miaka 91 baada ya Makerere kuanza. Koboko ilipata kuwa wilaya, ikimegwa kutoka Arua, mwaka 2005 tu.

Kabla ya hapo kulikuwa na kukatika kwa aina nyingine. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, vita vilivyofuata viliwafukuza watu wengi wa Arua na Koboko kuvuka mipaka kwenda Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, walishambuliwa na askari na wengi wakauawa. Familia zilizokimbia zilibeba watoto na sufuria. Madaftari ya shule hayakubebwa. Kwa hiyo, tunapouliza nani alikuwa kiongozi wa wasichana katika shule fulani mwaka 1975 au 1978, jibu limo vichwani mwa bibi zetu tu, na bibi hao wanazidi kupungua.

Pamoja na hayo, eneo hili halikukosa viongozi wa kike. Margaret Baba Diri wa Koboko alikuwa mwalimu. Alipopoteza uwezo wa kuona hakurudi nyuma; aliingia Bungeni mwaka 1996 akiwawakilisha watu wenye ulemavu, na baadaye akawa mbunge mwanamke wa wilaya ya Koboko. Profesa Christine Dranzoa, mzaliwa wa Adjumani na mtaalamu wa zuolojia, alikuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Muni hadi kifo chake mwezi Juni 2022. Wasichana waliosoma Muni katika miaka hiyo walikiona chuo chao kikiongozwa na mwanamke, na kwao hilo lilikuwa jambo la kawaida. Huo pia ni utambuzi, wala haukuhitaji cheti.

Tunavyowataja

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, hatuna budi kutazama pia maneno yetu. Kiswahili kimetupa ukarimu mkubwa: ngeli ya A-WA haibagui mume na mke. "Mwenyekiti amefika" haituambii kama ni mwanamke au mwanamume, na "rais wa wanafunzi" vilevile. Lakini sikilizeni tunavyosema. Mvulana akichaguliwa, husemwa "rais". Msichana akichaguliwa, husemwa "rais wa kike", kana kwamba cheo kimepungua kwa kupewa yeye. Sifa zenyewe nazo hutofautiana: kijana husifiwa kuwa shupavu na mwenye msimamo, binti husifiwa kuwa mtiifu na mwenye adabu. Aliyepanga zamu za maji na kuzuia fujo si mtiifu tu. Ana busara, ana ujasiri, ana mpango. Maneno hayo yote yamo katika kamusi zetu, nasi hatukuyatumia.

Hitimisho

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, cheti cha uongozi kitaje tendo. Sentensi moja yatosha: alifanya nini, lini, kwa manufaa ya nani. Pili, kila bweni na kila chama cha wanafunzi kiwe na daftari la viongozi wake, na kiongozi mpya alisome siku anayoapishwa. Tatu, zoezi la insha na la fasihi simulizi katika mwaka wa pili litumike kukusanya masimulizi ya wanawake walioongoza wanafunzi Arua na Koboko kabla na baada ya vita, kwa ridhaa yao. Wapo wanaosimulia kwa Kilugbara, Kikakwa au Kinubi. Wanafunzi wetu wanazijua lugha hizo, na kutafsiri ni sehemu ya mafunzo yao.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliona daftari likihusu mali tu, tukasahau watu. Cheti cha binti yule wa Koboko tulikiandika upya muhula uliofuata, tukataja maji, zamu na madirisha yaliyosalimika. Mama yake alisomewa mara mbili. Mara ya pili yeye mwenyewe alikuwa anatamka maneno kabla yetu.