Bawa la bata bukini likipinduka inje: lifungwe mapema

Bata bukini wadogo wakifikia wiki 4 hivi, manyoya makubwa ya mabawa yanatoka yakiwa yamejaa damu, ni mazito. Bata akiwa amekuwa haraka kupita kiasi, kiungo cha mwisho cha bawa hakiwezi kuyabeba. Kinapinduka, manyoya yanasimama kando, na sokoni mnunuzi anadhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Sivyo. Mara mingi chanzo ni chakula: kile cha kuku wa nyama, kinatolewa bila kipimo, tena bata amefungiwa hatembei.

Hakuna sindano ya kuponya hiyo. Mfugaji anakunja bawa namna linavyolala kawaida, analifunga lenyewe na bande laini, bila kuzungusha kifua, juu bata sherti apumue. Kisha siku 3 ao 4 anafungua, anaangalia. Kama bado, anarudilia. Wakati huo apunguze nafaka, amwachilie kwenye majani mabichi.

Mfupa ukisha kukomaa, kufunga ni kumtesa bure. Bawa litabaki vile, lakini nyama yake inalika bila shida.