Uani Mwa Nani?

Waingereza wana msemo wao: jambo likitukia karibu na mtu, husema limetukia uani mwake. Mswahili naye aujua ua. Ni mahali pa nyuma ya nyumba palipozungushiwa ukuta au makuti, panapopikwa na kuanikwa. Mgeni haingii pasipo hodi. Basi msemo huo una maana mbili: ya kwanza ni ujirani, ya pili ni umiliki. Katika historia ya Amerika, maana ya pili iliimeza ya kwanza.

Tarehe 2 Desemba 1823 Rais James Monroe wa Marekani aliliarifu Bunge lake kwamba Amerika yote haikuwa tena mahali pa dola za Ulaya kutafuta makoloni mapya. Tamko hilo lilionekana kuwa ngao ya mataifa machanga yaliyojitoa katika utawala wa Hispania. Lakini mwaka 1904 Rais Theodore Roosevelt aliliongezea dai kwamba Marekani ina haki ya kuwa polisi wa jirani zake. Ngao ikageuka rungu. Askari wa Marekani waliikalia Haiti tangu 1915 hata 1934.

Guatemala ni mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 1952 serikali ya Rais Jacobo Árbenz, aliyechaguliwa kwa kura, ilipitisha sheria ya kuwagawia wakulima maskini ardhi isiyolimwa ya mashamba makubwa. Kampuni ya Kimarekani ya United Fruit ilikuwa na ardhi nyingi ya namna hiyo. Serikali ilikubali kuilipa kwa kima ambacho kampuni yenyewe ilikitaja kwa ajili ya kodi, nacho hakikufika dola milioni moja; Marekani ikadai zaidi ya milioni 15. Juni 1954 wapiganaji waliopewa silaha na mafunzo na shirika la ujasusi la Marekani waliingia nchini, na Árbenz akajiuzulu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1960, vikaisha 1996. Tume iliyosaidiwa na Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa waliouawa na waliotoweka walizidi 200,000.

Neno lenyewe halikufa. Aprili 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, John Kerry, aliwaambia wabunge kwamba nchi hizo ni ua wa Marekani; Novemba mwaka ule ule akatangaza kwamba zama za tamko la Monroe zimekwisha. Mwaka 2019 mshauri wa usalama wa Rais, John Bolton, akasema tamko hilo lingali hai.

Wahenga wetu walinena: kikulacho ki nguoni mwako. Walilolitaja kuwa karibu lilikuwa la mtu kujichunguzia nafsi yake, si la kumtawalia jirani. Mkulima wa Guatemala hakuwa akiishi uani mwa mtu. Alikuwa nyumbani kwake, na aliyeingia hakupiga hodi.