Kura, Mwafaka na Sauti ya Mmoja: Demokrasia ya Kiliberali na Wakosoaji Wake Tanga, 1922–1992

1.0 Utangulizi

Historia ya demokrasia nchini Tanzania kwa kawaida husimuliwa kama safari ya kutoka utawala wa kikoloni hadi uhuru, kisha kutoka mfumo wa chama kimoja hadi vyama vingi. Katika masimulizi hayo, demokrasia ya kiliberali huonekana kama bidhaa iliyoletwa na Waingereza, ikakataliwa na viongozi wa uhuru kwa jina la mila za Kiafrika, kisha ikarejea mwaka 1992. Makala haya yanapendekeza usomaji tofauti, kwa kuitazama Tanga na pwani ya kaskazini. Hoja kuu ni kwamba wakoloni waliotoa kura na wazalendo waliousifu mwafaka walifanana katika jambo moja: wote hawakuweka kinga ya kutosha kwa mtu anayetofautiana na baraza. Pengo hilo lilikuwa limekwisha kuoneshwa, kwa Kiswahili, na mwandishi wa Tanga kabla kura ya kwanza haijapigwa.

Neno “demokrasia ya kiliberali” hapa lina maana ya mfumo wenye nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni uwakilishi unaotokana na kura. Ya pili ni mipaka ya mamlaka, yaani sheria inayomlinda mtu dhidi ya watawala, hata pale watawala wanapoungwa mkono na walio wengi. Nguzo hizi hazilazimiki kwenda pamoja, na historia ya Tanga inaonesha yanayotokea zinapotengana.

2.0 Uwakilishi bila kura: makarani wa Tanga

Mwaka 1922, Martin Kayamba, karani mwenye asili ya Bonde aliyesomeshwa na wamisionari wa UMCA, aliongoza kuanzishwa mjini Tanga kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilichojulikana kwa kifupi kama TTACSA. Chama hicho kiliwaunganisha Wakristo na Waislamu, makarani na walimu, nacho huhesabiwa na wanahistoria miongoni mwa watangulizi wa African Association iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1929. Hakikudai kura. Kilitaka watumishi Waafrika wasikilizwe kuhusu maslahi yao na wapate nafasi ya kujiendeleza.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926 bila mjumbe hata mmoja Mwafrika, na hali hiyo ikadumu hadi 1945. Katika mazingira hayo, aliyezungumza kwa niaba ya Waafrika alikuwa yule aliyeteuliwa na serikali. Kayamba mwenyewe alipelekwa London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza pendekezo la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Alisikilizwa kwa heshima, lakini hakuwa amechaguliwa na mtu yeyote, wala hapakuwa na sheria iliyowalazimu watawala kumsikiliza. Usikivu ulikuwa hisani ya mtawala.

Msimamo huo wa watawala ulikuwa na mizizi katika fikra za kiliberali zenyewe. John Stuart Mill, mtetezi mashuhuri wa uhuru wa mtu binafsi katika karne ya 19, alikuwa pia mtumishi wa Kampuni ya India Mashariki kwa zaidi ya miaka 30. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, alitetea haki ya mtu mmoja kutoa maoni yanayopingwa na watu wote. Hata hivyo, katika kitabu hichohicho aliwaondoa katika kanuni hiyo watu wa jamii alizoziona kuwa bado hazijakomaa, na miaka miwili baadaye alipendekeza wenye elimu wapewe kura zaidi ya moja. Aliyesimama Tanga kama mtawaliwa alikutana na Mill huyu wa pili kabla ya kumwona yule wa kwanza.

3.0 Karama mbele ya baraza

Mill wa kwanza, mtetezi wa sauti ya mmoja, alipata mwenzake katika pwani hiyohiyo pasipo kuhitaji kutafsiriwa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909. Alifanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni, ikiwamo forodhani Pangani na katika ofisi za Tanga. Mwaka 1951 kilichapishwa kitabu chake Kusadikika, hadithi ya nchi ya kubuni inayoelea angani. Ndani yake, kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Badala ya kujitetea kwa kukanusha, Karama anatumia siku sita kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali ili kuitafutia nchi maendeleo. Kila mmoja alirudi na mapendekezo ya manufaa, na kila mmoja alitupwa gerezani.

Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama fumbo dhidi ya ukoloni, na usomaji huo una msingi. Hata hivyo, muundo wa hadithi unabeba hoja pana zaidi. Kusadikika haikosi baraza. Lipo, linakutana, lina taratibu na linatoa maamuzi. Tena wajumbe hawakujituma. Ni nchi yenyewe iliyowatuma. Kasoro ni kwamba baraza likishakubaliana, hakuna kanuni inayomruhusu mwenye neno tofauti kubaki salama. Ndiyo maana kosa la Karama ni kufundisha sheria. Hakukusanya jeshi wala kudai kiti cha enzi. Alichotaka kukipanda ni ile nguzo ya pili ya demokrasia, na washtaki wake walitambua uzito wake.

Kwa msingi huo, Kusadikika inaweza kuwekwa katika mjadala mmoja na maandishi ya Alexis de Tocqueville, Mfaransa aliyeonya mwaka 1835, baada ya kuizuru Marekani, juu ya dhuluma ya walio wengi. Tofauti ni kwamba Tocqueville alihofia umma wenye kura, ilhali Shaaban Robert alilihofia baraza lenye kauli moja. Tofauti hiyo ina umuhimu mkubwa kwa yaliyofuata Tanganyika.

4.0 Kura tatu na mkata mkonge

Jimbo la Tanga lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotangulia kupiga kura Septemba 1958, katika awamu ya kwanza ya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Awamu ya pili ilifanyika Februari 1959. Utaratibu uliitwa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Aidha, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amefikia kiwango fulani cha elimu, au awe na cheo. Nchi nzima, katika idadi ya watu inayokaribia milioni 9, walioandikishwa walikuwa takriban 60,000.

Maana ya masharti hayo ilionekana wazi zaidi katika mashamba ya mkonge yaliyoutajirisha mkoa huo. Pauni 150 zilikuwa sawa na shilingi 3,000 kwa mwaka, au 250 kwa mwezi. Mkata mkonge alilipwa kwa kipande, kadi iliyotaka akamilishe kazi za siku 30 ndipo apokee ujira, na ujira huo ulikuwa chini sana ya kiwango hicho. Kwa hiyo, mtu aliyezalisha singa iliyoongoza mauzo ya nje ya Tanganyika hakuwa na sauti katika uchaguzi, ila kama alikuwa na elimu au cheo. Huu ndio ukosoaji wa kwanza wa demokrasia ya kiliberali uliozaliwa katika mazingira ya Tanga: usawa wa kisheria ulioegemezwa juu ya mali ni usawa wa wachache. Wasoshalisti wa Ulaya walikuwa wamelisema neno hilo tangu karne ya 19. Wafanyakazi wa mashamba walilisema kwa migomo yao ya mwishoni mwa miaka ya 1950.

Ndani ya TANU, suala la kushiriki au kususia lilikaribia kukivunja chama katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyokusanywa na mwanahistoria Mohamed Said, kabla ya mkutano huo Nyerere alipita Tanga kushauriana na viongozi wa TANU wa huko, wakiwamo Hamisi Heri na Abdallah Rashid Sembe, ili wamuunge mkono katika hoja ya kushiriki. Mkutano ulikubali kushiriki, na wagombea waliokuwa na TANU au walioungwa mkono nayo walishinda. Zuberi Mtemvu, aliyepinga uamuzi huo, alijitoa na kuunda African National Congress. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwaka 1958 kutofautiana na walio wengi bado kulikuwa na mlango wa kutokea: aliyeshindwa mkutanoni aliweza kuunda chama kingine.

5.0 Mwafaka na mipaka yake

Baada ya uhuru, mlango huo ulianza kufungwa. Katika kijitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama, Nyerere alijenga hoja kwamba ushindani wa vyama Ulaya ulitokana na migongano ya kitabaka, na kwamba pale chama kimoja kinapolingana na taifa zima, demokrasia huwa imara zaidi kuliko pale vyama viwili vinapowakilisha vipande vya jamii. Alitegemea pia taswira ya wazee wanaojadiliana chini ya mti mpaka wafikie neno moja. Hoja hiyo haikuwa kisingizio kitupu. Iligusa udhaifu halisi wa kura tatu, zilizowagawa watu kwa rangi, na katika uchaguzi wa 1965 ilizaa utaratibu wenye ushindani wa kweli ndani ya chama. Wagombea wawili walipambana kwa alama za jembe na nyumba, na hata waziri wa fedha, Paul Bomani, alishindwa.

Hata hivyo, mtihani wa mwafaka hauko kwa wanaokubaliana. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini, na mwaka huohuo sheria mpya ikabana haki ya kugoma. Januari 1963, wiki chache tu baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba na rais wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi (TFL), alihamishiwa Sumbawanga kufuatia migomo katika mashamba ya mkonge. Alipelekwa huko kwa amri ya serikali, si kwa hukumu ya mahakama. Mwaka 1964 shirikisho hilo lilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na NUTA, chombo kilichofungamana na TANU.

Serikali ilikuwa na sababu zake. Mkonge ulikuwa tegemeo la fedha za kigeni, wafanyakazi wenye mishahara walikuwa wachache wakilinganishwa na wakulima, na taifa changa liliogopa kuyumbishwa. Lakini msomaji wa Kusadikika anaitambua hali hiyo. Mkello alikuwa mjumbe aliyetumwa na watu wake kupeleka neno kwa wakubwa, naye akaadhibiwa kwa neno hilo. Mkata mkonge ambaye mwaka 1958 alinyimwa kura kwa sababu ya kipato, sasa alikuwa na kura, lakini aliyemsemea alikuwa uhamishoni. Nguzo ya kwanza ilikuwa imesimama. Ya pili ilikuwa imeng’olewa. Wazee chini ya mti waliweza kuzungumza mpaka wakubaliane, lakini taswira hiyo haikueleza lililompata mzee ambaye, jua lilipokuchwa, bado hajakubali.

6.0 Hesabu ya Tume ya Nyalali

Swali hilo lilirejea mwaka 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi alipounda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kati ya watu waliotoa maoni, takriban asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee, na takriban asilimia 21 walitaka vyama vingi. Pamoja na hayo, tume ilipendekeza vyama vingi, ikaorodhesha pia sheria 40 ilizoziona kuwa kandamizi. Mfumo wa vyama vingi ulianza kutumika tarehe 1 Julai 1992.

Kwa mtazamo wa kura pekee, uamuzi huo unaonekana kuwa kinyume cha demokrasia, kwa kuwa wachache walipewa na wengi wakanyimwa. Wapo waliouona hivyo, wengine wakiuhusisha na shinikizo la wafadhili baada ya kuanguka kwa tawala za Ulaya Mashariki. Kwa mtazamo wa nguzo ya pili, hata hivyo, hesabu ni tofauti. Aliyetaka chama kimoja hakuzuiwa kubaki katika chama chake. Aliyetaka kingine aliruhusiwa kutoka. Haki ya wachache haikuondoa chochote katika haki ya wengi isipokuwa uwezo wa kuwanyamazisha wenzao.

7.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonesha kwamba wakosoaji wa demokrasia ya kiliberali walikuwa na hoja nzito. Ilikuja Tanganyika ikiwa na ubaguzi wa rangi na kipimo cha mali, na wafanyakazi wa Tanga walikuwa sahihi kutoiona kuwa yao. Ukosoaji wa Nyerere nao uliondoa kasoro hizo mbili. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba, kwa kuwa nguzo ya kura ilikuwa imejengwa vibaya na wageni, nguzo ya kinga ya mtu nayo ilikuwa ya kigeni. Kusadikika inakanusha dhana hiyo. Dai kwamba anayepingana na baraza asikilizwe kwa siku zake zote sita, na abaki huru baada ya kusema, liliandikwa na karani wa Tanga miaka kumi kabla ya uhuru. Tafiti za fikra za kisiasa Afrika Mashariki zinapaswa kuzipa fasihi kama hizo nafasi sawa na hotuba za viongozi. Katika kitabu hicho, Karama na wajumbe waliofungwa huachiwa huru kwa uamuzi wa mfalme. Katika jamhuri, jambo hilo halipaswi kungoja huruma ya mtu. Ni kazi ya sheria, ile elimu ambayo Karama alishtakiwa kwa kuifundisha.