Mwandishi wa kituo cha afya: kazi yake na mafundisho yake

Katika vituo vingi vya afya vya makanisa yetu, muuguzi mmoja anapokea mgonjwa, anamuuliza, anampima, anampa dawa, na tena anaandika. Wagonjwa wakiwa wengi, kuandika ndiko kunaachwa kwanza. Mwandishi ni msaidizi anayejaza fishi na rejista wakati muuguzi anapomhudumia mgonjwa. Yeye si muganga: hataji ugonjwa wala haandikii mtu dawa kwa akili yake.

Kwa nini kazi hii ni kubwa

Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu zaidi ya 2.200 walikufa. Kila aliyegusana na mgonjwa alipaswa kufuatwa kwa siku 21. Mtu aliyeandikwa «Mama Furaha, Beni» tu, nani angemtafuta wapi?

Vilevile kwa dada aliyebakwa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzishwa mbele ya saa 72 kupita. Kwa hiyo saa ya tendo na saa ya kufika kituoni ziandikwe. Cheti cha tribunali kinatolewa na daktari, lakini fishi ya siku ya kwanza inaweza kumsaidia sana.

Mambo ya kufundisha

1. Mgonjwa ni nani: majina yote, umri, kijiji au avenue, na jina la aliyemleta.
2. Anachosema: tuandike maneno yake mwenyewe. «Anasema tumbo linamuuma toka siku tatu» ni sawa. «Anajifanya mgonjwa» ni hukumu, si habari.
3. Kilichopimwa: joto, uzito, mapigo ya moyo, tansio. Namba iandikwe palepale, si jioni kwa kukumbuka.
4. Alichoamua muuguzi: ugonjwa, dawa, kipimo, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, na tarehe ya kurudi. Mwandishi amsomee muuguzi kwa sauti ndogo. 0,5 ikigeuka 5, mtoto anaweza kufa.
5. Kosa: lisifutwe. Lipigwe mstari mmoja, neno la kweli liandikwe kando, pamoja na tarehe na sahihi.

Muuguzi ndiye anayesoma fishi na kutia sahihi mwishoni, kwa kuwa yeye ndiye anayejibu juu ya mgonjwa.

Kwa kuanza, wanafunzi waigize: mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi, wengine wote wanaandika. Kiisha walinganishe karatasi zao. Tofauti wanazoziona zinawafundisha kuliko maneno mengi. Mwisho wa mwezi wahesabu pamoja rejista, maana hesabu hiyo ndiyo inakwenda katika ripoti ya zoni ya afya.

Siri

Hapa ndipo sisi wa kanisa tunaanguka kwa urahisi. Mwandishi ni mwimbaji wa kwaya, ni jirani, ni mke wa shemasi. Anajua nani ana UKIMWI na binti wa nani ana mimba. Akisema katika chumba cha maombi, «Tumuombee dada fulani, ninajua shida yake», amekwisha kuvunja siri, hata kama moyo wake ni mwema. Mgonjwa huyo hatarudi, na wengine watakaosikia watabaki na magonjwa yao nyumbani.

Basi fishi zikae katika sanduku lenye kufuli. Mwandishi aahidi kunyamaza mbele ya kuanza kazi. Na sisi wachungaji tusimwombe kutuonyesha rejista, hata kwa sababu ya nidhamu ya kanisa. Mgonjwa akitaka maombi, atatuambia yeye mwenyewe.

Luka alikuwa tabibu, na alituandikia habari kwa utaratibu baada ya kuchunguza vizuri. Tunapochagua mwandishi wa kituo, tusitafute mwenye maandishi mazuri tu. Tutafute pia mwenye kinywa kinachojua kufunga.