Pikachu mpelelezi: Mchezo uliomwacha kijana njiani akimtafuta baba yake

KWA miaka 20, Pikachu alijulikana duniani kwa mambo matatu: rangi yake ya manjano, mkia wenye umbo la radi, na sauti nyembamba ambayo haikutamka lolote zaidi ya jina lake mwenyewe.

Mwaka 2016 kiumbe huyo huyo alijitokeza akiwa amevaa kofia ya kipelelezi, akidai kikombe cha kahawa na kuzungumza kwa sauti nzito ya mwanamume wa makamo. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mchezo wa video wa Detective Pikachu, ambao uliichukua familia ya michezo ya Pokemon na kuipeleka katika njia ambayo wapenzi wake hawakuitarajia.

Mchezo huo hauna mapambano ya kuwania ubingwa, wala mchezaji hakamati kiumbe yeyote. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuuliza maswali, kukusanya ushahidi na kuutafuta ukweli.

Asili ya Pokemon

Michezo ya Pokemon ilianzia Japan Februari 27, mwaka 1996, yalipotoka matoleo mawili ya kwanza, Nyekundu na Kijani, kwa ajili ya mashine ndogo ya mkononi ya Game Boy iliyotengenezwa na kampuni ya Nintendo.

Mbunifu wake, Satoshi Tajiri wa kampuni ya Game Freak, alitokana na utoto wa kupenda kukusanya wadudu. Mapenzi hayo ndiyo yaliyozaa mchezo ambao mchezaji hutembea nchi nzima akikamata viumbe wa ajabu, akiwafunza na kuwashindanisha na wa wenzake.

Mwaka 1997 ilianza kurushwa tamthilia ya katuni ya Pokemon, na Pikachu, ambaye katika mchezo alikuwa kiumbe mmoja miongoni mwa wengi, akageuka kuwa nembo ya jina zima. Sauti yake ilitolewa na mwigizaji wa Japan, Ikue Otani, na kwa watoto wengi duniani hapakuwa na Pikachu mwenye sauti nyingine.

Kutokana na mafanikio hayo ilizaliwa michezo mingi ya pembeni, yaani ile inayotumia viumbe wale wale bila kufuata kanuni za mchezo mama. Upo wa kupiga picha, upo wa mafumbo ya kupanga vitu, na hatimaye ukaja huu wa upelelezi.

Kazi ya Creatures

Detective Pikachu haukutengenezwa na Game Freak. Ulitengenezwa na Creatures, kampuni ya Japan iliyoanzishwa mwaka 1995 na Tsunekazu Ishihara, ambayo ni mmoja wa wamiliki watatu wa Pokemon pamoja na Nintendo na Game Freak. Kampuni hiyo inafahamika zaidi kwa mchezo wa karata za Pokemon.

Toleo la kwanza lilitoka Japan pekee, Februari 3, mwaka 2016, kwa ajili ya mashine ya Nintendo 3DS. Halikuuzwa madukani, bali lilipakuliwa kutoka duka la mtandaoni la Nintendo, na lilikuwa na sura tatu tu za hadithi.

Miaka miwili baadaye, Machi 23, mwaka 2018, ulitoka mchezo kamili wenye sura tisa. Safari hiyo uliuzwa Japan, Marekani, Ulaya na Australia kwa siku moja.

Kijana, baba na kikombe cha kahawa

Hadithi inamhusu kijana Tim Goodman, anayewasili katika mji wa Ryme City kumtafuta baba yake, Harry. Baba huyo alikuwa mpelelezi, na alitoweka baada ya ajali ya gari. Mwili wake haukuonekana, wala hakuna aliyemwona akiwa hai.

Katika siku yake ya kwanza mjini humo, Tim anakutana na Pikachu mwenye kofia. Kwa mshangao anagundua kwamba anayaelewa maneno yake yote, ilhali watu wengine husikia mlio wa kawaida tu. Pikachu naye anamweleza kwamba alikuwa mshirika wa Harry, na kwamba tangu siku ya ajali amepoteza kumbukumbu zake.

Hapo ndipo mkataba unapofungwa kati yao. Mmoja anamtafuta mzazi, mwingine anatafuta kumbukumbu, na wote wawili wanajua kwamba majibu yao yamo katika usiku mmoja.

Pikachu huyu si yule shujaa wa katuni. Hawezi hata kuzitumia nguvu zake za umeme ipasavyo. Ni mzee wa maneno mengi, mwenye kujisifu, anayependa kahawa nzuri na kuwatazama wapita njia. Udhaifu huo ndio unaomlazimu kutegemea akili badala ya radi.

Namna unavyochezwa

Uchunguzi katika mchezo huu hugawanywa kati ya washirika hao wawili. Tim huwahoji binadamu, naye Pikachu huwahoji Pokemon waliokuwapo mahali pa tukio na kumfasiria mwenzake yale waliyosema. Shahidi ambaye polisi wangempita bila kumwona, kwa sababu hana lugha ya binadamu, hapa hugeuka kuwa shahidi muhimu.

Maelezo yanayopatikana huhifadhiwa katika daftari la kesi. Yakishatosha, mchezaji hutakiwa kuyapanga kwa skrini ya kugusa, akichagua ni ushahidi upi unaojibu swali lililopo: nani alikuwa wapi, nani alikuwa na uwezo wa kutenda, na nani amesema uongo.

Tabia za viumbe nazo ni sehemu ya ushahidi. Anayejua kwamba kiumbe fulani hupanda miti, au hutoa moto, au huona gizani, anaweza kumwondoa katika orodha ya washukiwa au kumwongeza.

Aidha, kila mara Pikachu humwita mchezaji kando ili kumpa wazo, kumtania au kulalamika. Vipande hivyo vifupi ndivyo vilivyowafanya wengi wampende mpelelezi huyo.

Kesi zinaanza na jambo dogo, wizi wa kidani unaowahusu Pokemon wenye sura ya nyani waitwao Aipom. Polepole zinaelekea katika jambo zito, nalo ni dawa ya siri iitwayo R, inayowafanya Pokemon wapole kuwa wakali na kuwashambulia watu. Uchunguzi huo unawafikisha hadi katika kituo kikubwa cha televisheni cha mji huo, GNN.

Urithi wa Holmes

Kofia ya Pikachu haikuchaguliwa kwa bahati. Ni ile ambayo watu huihusisha na Sherlock Holmes, mpelelezi aliyebuniwa na mwandishi wa Uingereza, Arthur Conan Doyle, na kuonekana kitabuni kwa mara ya kwanza mwaka 1887.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, urithi huo si mgeni. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliwapa Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, katika Mzimu wa Watu wa Kale na vitabu vilivyofuata, nao wahakiki wa fasihi wamewalinganisha na Holmes na Watson.

Kanuni ni ile ile: mwerevu mmoja, rafiki mmoja wa kumsikiliza, na msomaji anayepewa dalili zote lakini huzitambua akiwa amechelewa. Tofauti ni kwamba katika Detective Pikachu mwerevu ana mkia.

Sifa na lawama

Wahakiki wengi waliusifu mchezo wa mwaka 2018 kwa uchangamfu wa Pikachu na kwa kuonyesha maisha ya kila siku ya binadamu na Pokemon katika mji mmoja, jambo ambalo michezo mikubwa ilikuwa ikiligusa juu juu.

Lawama kubwa ilihusu wepesi wake. Mchezaji anayetoa jibu lisilo sahihi haadhibiwi, bali huruhusiwa kujaribu tena hadi apatie. Watu wazima waliozoea michezo migumu ya mahakama na upelelezi waliona mafumbo yake ni ya watoto.

Sauti nayo ilizua mjadala. Mwaka 2016, baada ya habari za mchezo huo kuvuka mipaka ya Japan, makumi ya maelfu ya watu walitia saini ombi la mtandaoni wakitaka mwigizaji wa Marekani, Danny DeVito, awe sauti ya Pikachu kwa Kiingereza. Haikuwa hivyo, kwani katika mchezo wa 2018 kazi hiyo ilifanywa na Kaiji Tang.

Hata hivyo, lililowakera zaidi waliofika mwisho ni jambo jingine. Baada ya sura tisa, wakosaji walifichuliwa na dawa ya R ikajulikana chanzo chake, lakini Harry Goodman hakupatikana. Mchezo ulifungwa kijana akiwa bado hana baba.

Filamu yatangulia na jibu

Mwezi Mei mwaka 2019 ilitoka filamu ya Detective Pikachu, iliyoongozwa na Rob Letterman. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Pokemon yenye waigizaji halisi. Ryan Reynolds alitoa sauti ya Pikachu na Justice Smith akaigiza nafasi ya Tim, huku baadhi ya mitaa ya Ryme City ikipigwa picha jijini London.

Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 430 za Marekani duniani kote. Zaidi ya hapo, iliwapa watazamaji kile ambacho mchezo uliwanyima, yaani jibu la mahali alipo Harry.

Waliobaki na mchezo pekee walisubiri kwa zaidi ya miaka mitano. Oktoba 6, mwaka 2023, ulitoka mchezo wa pili, Detective Pikachu Returns, kwa mashine ya Nintendo Switch. Humo Pikachu hushirikiana na Pokemon wengine katika upelelezi, akiwemo Growlithe anayenusa nyayo na Luxray anayeona kupitia ukuta. Hatimaye hatima ya Harry iliwekwa wazi, ingawa jibu lenyewe ni vyema aachiwe mchezaji alipate kwa juhudi zake.

Duka lililofungwa

Mwaka huo huo wa 2023 ulileta pia habari ya huzuni. Machi 27, Nintendo ilisitisha mauzo katika duka la mtandaoni la 3DS, mashine ambayo utengenezaji wake ulikoma mwaka 2020.

Kwa uamuzi huo, toleo la Japan la mwaka 2016, ambalo halikuwahi kuuzwa madukani, haliwezi tena kununuliwa kwa njia halali. Mchezo kamili wa 2018 umebaki katika vipande vya plastiki vinavyopitishwa mkono kwa mkono, na kwa wale waliokuwa wameupakua mapema.

Hivyo aliyeanza na mchezo wa pili anaweza kufahamu ulikoishia msako wa Tim, lakini ulikoanzia hana budi kukutafuta kwa mtu aliyeitunza mashine yake ya zamani.